Sauti Yangu Kwenye Santuri

Bendi yetu ya Mbeya ilipoungana na ya Iringa kurekodi wimbo mmoja, mwenye sauti kubwa nilikuwa mimi. Maikrofoni ilikuwa moja. Fundi mitambo akaniambia nikaimbie kule mlangoni, kwenye baridi, mbali na wenzangu. Nikaona kanipa heshima, nisisongamane na watu.

Santuri ilipotoka niliipeleka mwenyewe ukweni Iringa, nikawaomba wanyamaze wamsikilize mkwe wao. Gramafoni ikaanza. Beti zote walisikika wenzangu. Kiitikio, wenzangu. Nikasema, "Subirini." Karibu na mwisho magitaa yakatulia, kikasikika kikohozi kirefu.

Mama mkwe, ambaye kwa adabu alikuwa hajanitazama, akainua uso.

"Hapo nimekusikia, baba."