Mpini ya Birika ya Kuoshea Maiti

Ile asubuhi mama ya jirani yangu alikufa, jirani alienda kuchukua birika yao ya shaba, na mpini ikabaki kwa mkono. Hawa ni Waislamu, wazee wao walitoka pwani, lakini wamezaliwa hapa mji wetu wa Kabati na Kikamba yao inanishinda hata mimi. Hiyo birika haiingii jikoni. Kazi yake ni moja, kumwagia maiti maji.

Alikuja kwangu na vipande viwili, kama mtu amebeba kuku na kichwa yake. Kijana wake alikuwa amemwambia atumie jagi ya plastiki. Sasa huyu jirani ana sauti nyembamba ya puani, na mimi humwiga hata mbele yake, tunacheka. Siku hiyo sikumwiga. Alisema, "Dada, mama alimwosha mamake na hii. Mimi nimwoshe na jagi ya uji?"

Kuzika ilikuwa alasiri.

Mzee wangu, bwana yangu, alifua shaba tangu ujana, lakini macho imeisha na mikono inatetemeka. Akapapasa birika ndani na nje. Akasema isiguswe na moto, imekuwa nyembamba kama ganda ya kitunguu, itatoboka. Tupitishe waya ya shaba kwa yale matundu ya zamani, tuponde ncha zake ziwe vichwa huku na huku.

"Utapiga wewe," akaniambia.

Mimi? Kazi yangu miaka yote ilikuwa kuvukuta moto na kumcheka. Akashikilia chuma kwa ndani, mimi nyundo kwa nje, yeye akaegemeza sikio. Ile sauti yake ya mbuzi anakohoa: "Bado mpini inatetemeka. Pole pole, mwanamke, hiyo si mahindi."

Shaba ikiwa haijashika inalia kama nyuki kwa chupa. Nikapiga, nikapiga, mpaka ile nyuki ikanyamaza. Jirani, amekaa tu hapo kwa kigoda, ndiye alisema, "Imeshika."

Wanawake wao, jirani akiwemo, walimwosha ndani ya nyumba yao. Mimi si wa dini yao, nikakaa nje ukutani na mzee wangu. Tukasikia maji ikimwagika, inasimama, inamwagika tena. Mzee ameinamisha kichwa, anasikiliza mpini. Haikulia hata kidogo.

Ndipo jirani akalia huko ndani, mara ya kwanza tangu asubuhi. Na mimi, mwenye kuiga kila mtu, nikalia na sauti yangu tu.