Barua Sita za Mwalimu Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini nilizunguka jengo la ofisi mara tatu kabla ya kuingia. Nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu majuma machache nyuma, na lililonizuia mlangoni ni hili: mkubwa wangu nimwamkie shikamoo kama mzee, au nimwite Ndugu, kama tulivyoitana watumishi wote wa umma enzi zile za Ujamaa? Na nikisema vyote viwili, hataona kwamba sijui ninachokifanya?

"Shikamoo, Ndugu," nilisema mwishowe.

"Marahaba," alijibu Ofisa Utumishi, Msukuma wa Sengerema mwenye sauti ya kivivu na macho yasiyolala. "Nimekuona dirishani. Umezunguka jengo kama mtu anayetaka kulinunua. Ninyi Wahaya hata ofisi ya serikali mnaipangia bei?"

Ulikuwa mradi wa maji, makao yake Mwanza mjini. Tulipeleka mabomba vijijini, na baadhi ya wahandisi walitoka Ulaya kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu. Cheo changu kilikuwa Ofisa Ustawi wa Wataalamu. Maana yake niliwatafutia wageni nyumba, kibali cha kuishi, mtungi wa gesi ilipoadimika, na shule ya watoto wao. Shule ndiyo iliyokuwa ngumu. Mtaalamu ambaye mtoto wake hana shule hufunga mizigo kabla bomba halijafika kijijini.

Wiki ile ya kwanza nilimuuliza Ofisa Utumishi swali lililokuwa likinisumbua. "Ndugu, watoto wetu wanasoma kwa Kiswahili na kulima shamba la shule. Ni haki kweli mimi nihangaike kutafuta shule ya Kiingereza?"

"Mtoto wako wewe, ukijaliwa, atamalizia shule wapi?"

"Hapa hapa."

"Na wa mhandisi?"

"Kwao, Uingereza."

"Basi. Siku akirudi kwao lazima awakute wenzake kwenye ukurasa uleule. Siasa waachie wenye siasa. Wewe kazi yako ni ukurasa."

Sijapata kusikia mtu akieleza mtaala vizuri zaidi. Familia ya Kiingereza ilipotuuliza habari za shule, ilikuwa inauliza hilo: je, masomo yanafuata mpango wa kwao, na mwishoni mtoto atafanya mitihani ya kwao? Kwa mkoa wetu njia zilikuwa tatu. Kulikuwa na darasa dogo lililoendeshwa na wazazi wenyewe katika nyumba moja juu ya mawe kando ya ziwa, lakini liliishia umri wa miaka tisa. Kulikuwa na masomo ya posta, bahasha nene kutoka Uingereza ambazo mama alizifungua mezani akawa mwalimu. Na kulikuwa na shule ya bweni huko kaskazini, mwendo wa siku mbili kwa gari.

Familia yangu ya kwanza ilikuwa ya mhandisi wa pampu, mkewe na binti yao Helen. Mji mzima ulimwita mkewe Mama Helen, naye aliitika kwa Kiswahili cha sokoni, mavumbi na samaki ndani yake. Helen alikuwa ametimiza miaka tisa. Alizungumza Kiswahili kama watoto wa jirani na aliniita Dada Koku.

"Nataka mtu aende aione hiyo shule," Mama Helen aliniambia. "Mume wangu hana likizo, na mimi nikiona kitanda kitupu tu nitalia. Nenda wewe. Uone kila kitu."

Mtu kama mimi hapaswi kuambiwa aone kila kitu. Nilikaa kule siku tatu. Nilihesabu vitanda na mabomba ya kuogea. Nililinganisha vitabu vyao na mtaala kutoka Uingereza, ukurasa kwa ukurasa, na vilikuwa sawa kabisa. Nilionja maharage. Nilimuuliza Matroni, yaani mama mlezi wa bweni, mashuka hubadilishwa siku gani, kisha nikamuuliza tena kesho yake nione kama jibu litabadilika. Siku ya mwisho nikamwomba Mwalimu Mkuu anionyeshe barua ambazo watoto huandika nyumbani kila Jumapili. Alinipa nakala sita bila kusita.

Niliona zote zimeanza sawa na kumalizika sawa. Mzazi hajambo? Mimi sijambo. Hali ya hewa ni nzuri, chakula ni kizuri, Jumamosi tulicheza mpira wa pete. Sikushtuka hata kidogo. Mimi nimelelewa katika barua za "salamu nyingi sana", za "ama baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali". Kwangu, barua inayofanana na nyingine ni barua ya mtoto aliyefunzwa. Katika ripoti yangu ya kurasa kumi na nne niliandika: "Watoto wana adabu na furaha, kama barua zinavyothibitisha."

Helen akapelekwa.

Muhula ulikuwa katikati Mama Helen alipoingia ofisini na barua nne mkononi. Akazipanga juu ya meza yangu kama karata.

"Koku, soma. Niambie mtoto wangu yuko wapi humu."

Nilisoma. "Anasema hajambo, Mama Helen."

"Helen anachukia maharage. Hapa anasema chakula ni kizuri. Mara nne! Ana paka ambaye alilia kumwacha. Hamuulizii hata mara moja."

"Barua ndivyo zilivyo," nilimwambia, nikiamini. "Hata mimi nilipokuwa shule ya masista, kila barua niliyomwandikia mama ilianza hivyo hivyo. Hata nilipo..."

Nilikuwa nataka kusema: hata nilipolazwa na homa. Nilikuwa na miaka kumi. Sista alisimama ubaoni na chaki, akaandika barua, nasi tukanakili. Mimi niliinakili juu ya magoti kitandani, natetemeka: mimi ni mzima.

Nilifungua kabati nikatoa zile nakala sita. Tukaziweka kando ya nne za Helen. Kumi, sentensi zilezile, kwa mpangilio uleule. Mama Helen hakunilaumu. Aliweka kiganja juu ya barua ya mwisho kama mtu anayepima joto la paji la uso.

Nilikwenda kwa Ofisa Utumishi kukiri. Mkononi nilikuwa na barua ya kujiuzulu niliyoitunga kwa namna mbili, nikisubiri kuona ipi itamfaa.

Alichukua ripoti yangu akaipekua taratibu. "Kurasa kumi na nne," alisema. "Vitanda, mabomba, mashuka. Ukurasa gani unasema mtoto akiumwa atamwambia nani?"

"Hakuna, Ndugu."

"Barua zako za kujiuzulu zitatusaidia nini? Chukua Landrova, mchukue na mama wa mtoto. Dereva ataondoka alfajiri. Na usizunguke jengo mara tatu ukifika."

Tulimkuta Helen darasani, akiwa amekalia kiti cha mbele kabisa. Mama yake alimwita kutoka mlangoni upande wa kushoto. Hakugeuka. Alimwita tena, mwenzake akamgusa bega, ndipo akageuka. Sikio la kushoto lilikuwa linatoka usaha, wiki ya tatu sasa.

"Dada Koku," alininong'oneza akiwa amemng'ang'ania mama yake, "nilitaka kuandika. Habari ya sikio ubaoni haikuwepo."

Matroni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akimtia dawa ya matone kila siku. "Barua huchukua wiki mbili," alituambia, macho yamejaa machozi. "Mpaka mama asome kwamba mtoto anaumwa, mtoto amepona na anaruka kamba. Kwa nini kumtesa mama wa watu?" Nilimwelewa. Hata Sista wangu nadhani alifikiri hivyo. Lakini daktari wa mjini alisema tungechelewa mwezi mmoja zaidi, sikio lile lisingesikia tena.

Tukarudi naye Mwanza. Kwa miezi miwili alisoma kwa bahasha za posta, paka magotini, huku mama yake akipambana na hesabu za sehemu. Nilidhani hadithi imeisha. Kumbe Helen mwenyewe ndiye aliyesema anataka kurudi: alikuwa na rafiki kule, na timu ya mpira wa pete. Nilipeleka sharti moja kwa Mwalimu Mkuu: Jumapili ubao ufutwe.

"Watoto wataandika nini bila mfano?" aliuliza.

"Ndicho tunachotaka kujua, Bwana."

Alikubali, kwa kuguna. Barua ya kwanza ya Helen ilifika na madoa ya wino: Maharage ni mabaya. Sikio haliumi. Kitanda changu kiko mlangoni na kuna upepo, mwambie Dada Koku kwamba kwenye ripoti yake hakuandika hilo. Mama yake aliisoma ofisini kwa sauti, akicheka na kufuta macho. Nikaandika: ukurasa wa kumi na tano, upepo.

Baadaye nilihamishiwa Musoma, kisha Bukoba, chini ya wakurugenzi walioheshimu takwimu kuliko maswali yangu. Sasa nimestaafu, naishi Kiseke, hapa Mwanza, na vijana wa kazi hii wakija kuniuliza kuhusu shule, huwaambia wahesabu vitanda, halafu waulize saa ya barua ubaoni kuna nini.

Jambo moja sikuliandika katika ripoti yoyote. Wiki ile tuliyomrudisha Helen Mwanza, nilimwandikia mama yangu kijijini barua isiyo na salamu. Nilianza moja kwa moja: Mama, nilipokuwa na miaka kumi niliumwa sana na sikukwambia. Hakujua kusoma, alisomewa na katekista. Jibu lilikuja haraka kuliko barua yoyote niliyowahi kupata kutoka kwake.

"Mwanangu, barua yako imenitetemesha. Haina salamu. Nani amekufa?"

Nikamwandikia upya. Salamu nyingi sana kwanza, kwake, kwa shangazi, kwa majirani wote kwa majina. Kisha homa, tangu siku ya kwanza.