Sinema ya Magari ya Ng'ombe

Enzi zetu, gari likipanda kutoka Njoro kuja Mau Narok hukulijua kwa honi. Ulilijua kwa majina. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na ndani yake ulisikia sauti ya baba yangu akiwaita maksai wake mmoja mmoja: "Simba! Chai! Njoro! We Nyapara, vuta!" Kisha kimya kidogo, magurudumu yakilia, halafu majina tena. Sisi watoto tulisimama ukingoni mwa shamba la pareto, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, tukisikiliza majina yakikaribia. Nyapara alikuwa mvivu kuliko maksai wote, na jina hilo alipewa makusudi. Nyapara mwenyewe, yule msimamizi wetu wa shamba, alijua vizuri sana, lakini mtu mzima atamshtaki ng'ombe kwa nani?

Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye mashamba ya wazungu kule juu mnanielewa. Wajukuu zangu hawaamini. Wao manyunyu yakianguka tu wanajifunika blanketi na kuuliza kama shule imefungwa. Sisi tulichuma pareto umande ukiwa bado haujakauka, maua meupe mpaka macho yanauma, na harufu yake ilikaa mikononi hata uji ukawa na ladha ya pareto. Michezo tulijitengenezea. Ulichagua kiazi kirefu, ukakichomeka vijiti vinne vya miguu na viwili vya pembe, ukawafunga wawili wawili kwa kamba ya katani, na nyuma ukaweka kopo la mafuta ya kupikia kuwa gari. Mama alikuwa akitutazama na kusema, "Chezeni tu. Jioni mtakula hao ng'ombe wenu." Na kweli tuliwala, wamechomwa kwenye majivu, tukiwashushia kwa mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye rangi ya moshi. Siku moja nililia mpaka nikalala kwa sababu kaka yangu alimla maksai wangu wa mbele, ambaye nilikuwa nimeshampa jina.

Kwetu tulikuwa tukiishi na Kogo. Ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba. Yeye ndiye aliyekamua jioni. Akishamaliza, kabla hajainua kibuyu, aligeuka kuelekea msituni akaita mara moja tu, kwa sauti ndefu: "Koineeet!" Akangoja kidogo. Halafu akaingia ndani na maziwa. Mimi nilizaliwa nikakuta hivyo, kwa hiyo nilidhani ndivyo kukamua kunavyoisha. Nilipokwenda kwa jirani nikamwona mama wa pale akikamua na kuondoka zake bila kumwita Koinet, nilimwonea huruma, nikafikiri amesahau.

Koinet alikuwa kaka yake Kogo. Kogo alizaliwa Mmaasai, kabla hajaolewa na babu yetu Mkipsigis, na alipokuwa msichana mdogo watu wake waliamriwa waache malisho yao ya kaskazini ili wazungu wapate mashamba. Wakavuka Mau na mifugo yao yote kuelekea Narok. Huku juu mvua iliwakuta, baridi ikawakuta, ng'ombe wakafa njiani. Kogo aliugua, mama yake akamwacha kwa familia moja ya msituni iliyomwonea huruma. Koinet alikuwa ametangulia na ndama, na mbele kwenye ukungu njia ilikuwa imegawanyika. Baadaye sana, watu waliotoka Narok walipoulizwa walisema wengine walifika, lakini Koinet hakufika. Wala hakuna aliyeona maiti yake.

Sasa mjue, kwetu jina la marehemu halikuwa la kuitwaitwa ovyo. Kwa hiyo Kogo alipoita jioni alikuwa akiwaambia watu wote wa Mau kwamba Koinet yuko hai. Kina mama wa jirani walimnong'onezea amwache ndugu yake apumzike. Yeye aliwajibu, "Nitamwacha siku nitakayojua alikwenda njia gani." Hakutaka kingine maishani. Alikuwa na wajukuu, alikuwa na ng'ombe wawili wazuri, lakini jambo hilo moja lilimnyima amani.

Ndipo likaja gari la sinema. Lilikuwa la kampuni fulani ya sabuni, na mtu wake alitoka Bondeni kule Nakuru, kijana mtanashati mwenye viatu vinavyong'aa ambaye tope letu lilimtesa sana. Tulimwita Bwana Sinema. Alifunga shuka kubwa kati ya miti miwili karibu na ghala la ngano, jua likazama, mashine ikaanza kunguruma, na sisi sote, watoto kwa wazee, tukakaa kwenye nyasi zenye baridi tukiwa tumefumba midomo. Kwanza wakaonyesha sabuni. Halafu, Mungu wangu, wakatokea ng'ombe.

Ng'ombe wengi, jozi kwa jozi, wakivuta magari yenye paa la turubai jeupe, safu ndefu isiyo na mwisho, kwenye mbuga kavu pana ajabu. Wanaume wenye kofia walitembea kando. Wanawake wamebeba watoto. Vumbi lilipanda taratibu na magari yakaelea ndani yake kama yako majini. Maneno yalikuwa Kizungu cha puani ambacho hakuna aliyekielewa, na Bwana Sinema akatufupishia kwa kipaza sauti, "Hawa ni wazungu wa zamani. Wanaenda kutafuta shamba."

Basi, hapo tukamaliza kuelewa. Nani asiyejua kwamba babake mwenye shamba letu alikuja kwa gari la ng'ombe? Gari lenyewe lilikuwa bado nyuma ya ghala, kuku wakitagia ndani. Na ulipotokea mlima pale kwenye shuka, umesimama peke yake uwandani, mzee mmoja jirani yetu aliyewahi kufanya kazi ya reli akaruka juu. "Hiyo ni Longonot! Mimi nimelala chini ya hiyo mlima mwaka mzima, mtaniambia nini?" Hakuna aliyembishia. Baba naye alikuwa na malalamiko yake. "Wanawachapa tu. Mbona hawawaiti kwa majina?" Wenye kazi ya maksai wote wakaguna kukubaliana naye, wakawadharau wale wazungu tangu hapo.

Kisha wakatokea wengine. Watu weusiweusi, nywele ndefu, manyoya kichwani, wengine juu ya farasi, wengine kwa miguu na watoto na mizigo, wakipita mbali nyuma ya kilima. Kogo akasimama. Akasogea mpaka kivuli chake kikaingia kwenye picha, watu wakapiga kelele akae. Akazunguka nyuma ya shuka kuona kama wanatokea upande wa pili. Tulicheka sisi watoto, tulicheka sana. Aliporudi alimwambia Baba polepole, "Ni watu wetu. Ni ile safari yetu." Baba akamuuliza Wamaasai walipata wapi farasi. Kogo akamjibu, "Watakuwa wamewanyang'anya hao wazungu. Vizuri sana."

Kuanzia siku hiyo Kogo alibadilika. Alikuwa akituuliza gari la sinema litarudi lini, kama mtoto. Alitaka kuwaona tena wale waliopita nyuma ya kilima, kwa sababu mara ya kwanza macho yalimwenda mbio na huenda Koinet alikuwamo, na picha ingeonyesha alishika njia gani. Nasi tukaacha viazi tukacheza sinema. Kila mtu alitaka kuwa mwenye gari. Mimi kwa kuwa msichana nilipewa manyoya ya kuku na kuambiwa nianguke wakinipiga kwa bunduki za vijiti. Nilianguka asubuhi na jioni. Kogo akatoka nje siku moja na fimbo yake. "Hawa wenye manyoya wanaanguka kila siku, kwani hawana mama? Leo wanafika nyumbani!" Tukalazimika kutengeneza nyumba ya wenye manyoya, na ukweli ni kwamba mchezo ulinoga zaidi.

Shuleni ndiko niliko­haribikiwa. Nilimsimulia mwalimu kuhusu wazungu waliopita Longonot, naye akacheka, akafungua ramani, akaweka kidole mahali mbali kabisa. Amerika, akasema. Magari yale yalikuwa yakienda magharibi kuchukua nchi, na wale wenye manyoya waliitwa Wahindi Wekundu. Tulishangaa, maana Wahindi tuliowajua sisi walikuwa na maduka Nakuru. Nilitembea kurudi nyumbani moyo ukiwa mzito. Nilimkuta Baba akiwafungua maksai nira, nikamwambia yote. Akaendelea kumfungua Nyapara bila haraka.

"Usimwambie Kogo."

"Lakini si Mau, Baba. Hata si Kenya."

"Nimesikia. Miaka yote hii mama yangu hajakuwa na mahali pa kumtafutia ndugu yake. Sasa amepata. Mwache."

Gari lilirudi baada ya kuvuna ngano. Mama alikuwa mjamzito, amekaa kwenye gunia. Kogo alikuwa amejipaka mafuta, amevaa shanga zake za usichana ambazo hatukuwa tumewahi kuziona, akakaa mbele kabisa tangu saa tisa alasiri. Nilikaa ubavuni pake. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Yakapita magari, ikapita ile mbuga, ukapita mlima. Walipotokea watu wake nyuma ya kilima, Kogo akapaza sauti:

"Simamisha hapo!"

"Haiwezi, mama," Bwana Sinema akajibu. "Hii mashine ikisimama picha inaungua."

Lakini alikuwa kijana mwema. Picha ilipoisha akairudisha nyuma, akaonyesha kile kipande peke yake kwa ajili ya Kogo. Wale wenye manyoya wakapita tena, mmoja mmoja, mwanamke na mzigo, mzee, mtoto anayevuta farasi, na kilima kikawameza. Kogo akamuuliza yule kijana walichukua njia gani huko nyuma.

Bwana Sinema akaja akachuchumaa mbele yake kwenye tope, na viatu vyake vile. "Mama, nisikudanganye. Hii si hapa. Hii ni Amerika, ng'ambo ya bahari."

Baba akainamisha kichwa. Yule mzee wa reli akaanza kusema Longonot, mkewe akamfinya. Kogo aliitazama shuka iliyobaki nyeupe.

"Na hawa walipopita kilima, walifika wapi?"

"Sijui, mama. Picha inafuata wenye magari. Hao wengine haionyeshi tena."

"Hata mwisho?"

"Hata mwisho."

"Kumbe ni wengi," Kogo akasema. "Nilidhani ni Koinet peke yake."

Jioni iliyofuata alikamua, akainua kibuyu, akaingia ndani. Hakuita. Mama aliacha kusonga ugali, mwiko ukabaki hewani, tukatazamana. Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi, kwa sababu ukimya ule uliniuma kuliko jambo lolote la utoto wangu.

Mama alijifungua mtoto wa kiume wakati pareto imechanua. Huko kwetu mtoto hakuchaguliwa jina. Wanawake walikaa kumzunguka wakiita majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na yule ambaye jina lake lilimfanya apige chafya ndiye aliyerudi. Wakaita babu, wakaita ndugu za babu, wakaita mpaka wakaanza kukuna vichwa. Mtoto akawatazama tu. Ndipo Kogo akaomba apewe nafasi. Akainama karibu na ule uso mdogo, akaita jina alilokuwa akiuitia msitu, mara moja, akangoja kama alivyozoea.

Mtoto akapiga chafya.

Wapo waliosema ni ugoro, kwamba kidole cha Kogo cha kunusia kilikuwa karibu mno na pua ya mtoto. Mimi nilikuwa nikichungulia mlangoni, na sitasema nilichoona. Najua tu kwamba Kogo alilia, akacheka, akalia tena, na kwamba tangu mtoto yule alipojua kutembea jina lilianza kusikika upya kwetu jioni, na kila lilipoitwa alitokea kitoto kinene, kinakimbia upandeupande, kinadai maziwa.

Leo majina ya watoto yanatoka kwenye televisheni. Nina kitukuu mwenye jina ambalo bado sijaweza kulitamka, na nikikosea mama yake ananirekebisha kwa upole kama mwalimu. Maksai hakuna tena, matrekta hayana majina, na pareto nayo ilipungua mpaka vijana wanauliza ni mdudu gani. Simu wanazo, kila mtu na yake, na wanaona ajabu nikiwaambia kwamba zamani mtu aliweza kupotea kwenye ukungu na asionekane tena. "Si angepiga tu, Kogo?" wananiuliza. Ndiyo, mimi ndiye Kogo sasa.

Ndugu yangu Koinet amezeeka, sikio moja limekufa, na mguu unamsumbua. Jioni nikishakunywa chai humpigia simu. Yeye ni wa kizazi chetu, haamini kile kidude, hivyo hupaza sauti hadi majirani zake wanajua ni mimi. "Koinet!" namwita. "Niko hapa!" anajibu. Na mimi, kila jioni, hunyamaza kidogo kwanza, hata kama nilikuwa na jambo la haraka.