Kompyuta Isiyo na Feni

Kwa karibu mwaka mzima niliahirisha kurekodi kwaya yetu ya Lupembe kwa sababu ya feni. Laptop yangu ilikuwa ikipata joto, feni inavuma, na mvumo huo unaingia kwenye nyimbo. Fundi wangu wa Lyamkena, pale Makambako, alinishauri nivute subira.

"Laptop mpya zinahamia prosesa kama za simu," alisema. "Hazichemki, nyingine hazina hata feni. Ukinunua ya sasa utajuta."

Nikasubiri. Kila wiki nilisoma tetesi: zinatoka mwezi ujao, zimesogezwa mbele, programu za muziki bado hazizikubali.

Kisha mama anayetuongozea nyimbo, mchuma chai mwenye sauti ya kutetemesha madirisha, akatuambia kwamba anahamia Mawengi kwa binti yake. Jumapili ya wiki ile ingekuwa ya mwisho kwake.

"Mashine yako imefika?" akaniuliza.

"Bado, mama. Lakini Jumamosi tunarekodi."

Asubuhi ya Jumamosi hiyo baridi ilikuwa kali. Niliweka laptop nje ya kanisa, juu ya benchi, nikapitisha waya wa maikrofoni dirishani, nikakaa nayo nimejifunika blanketi. Baridi iliipoza, feni ikanyamaza. Kila wimbo ulipoisha niliuhifadhi upesi, vidole vimekufa ganzi.

Tulipata nyimbo saba. Mama aliusikiliza wimbo wa kwanza, akacheka kwa mshangao.

"Kumbe ndivyo ninavyoimba!"

Fundi bado ananitumia tetesi. Huwa nazisoma nikishamaliza kazi ya siku.