Ukurasa Niliouficha Chini ya Baibui

Jamani, nikiikumbuka siku ile masikio yanapata moto hadi leo, ila bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Mimi ni mtunza kumbukumbu kwenye ofisi moja hapa Mtwara, na mwaka jana tulipewa kazi ya kupitia majalada ya mishahara ya watumishi wa serikali ya mkoloni, nani alipandishwa, nani alilipwa kupita stahili yake, tuyaorodheshe kabla mchwa hawajayamaliza. Basi nafunua jalada moja, nakutana na jina la babu yangu mzaa baba, Issa Likomba, karani wa boma, na mbele yake wino mwekundu: amezidishiwa mshahara miezi saba, akatwe.

Moyo paa! Babu huyu ndiye sifa yetu kule Ziwani (hakuna harusi ya kwetu inayokwisha bila wageni kuambiwa babu alikuwa karani), kumbe alikula fedha za watu? Nikauchomoa ule ukurasa, nikauchomeka kiunoni chini ya baibui, nikijisemea nitauchoma moto nyumbani.

Haikupita nusu saa, bosi wetu Mama Hadija akatuita wote mkutanoni. Kila nikipiga hatua kiuno kinalia kwarakwara, ikabidi nitembee taratibu kama mwali anayetolewa nje (na mwili wenyewe huu!).

Mama Hadija akahesabu kurasa. "Wa kumi na nne uko wapi? Zuhura, jalada ulikuwa nalo wewe."

Nikasimama nijitetee, karatasi ikateleza, ikatua juu ya viatu vyangu, watu wote wanatazama.

Mama Hadija akaiokota, akaigeuza nyuma (mwenzenu sikuigeuza!), kulikuwa na mwandiko wa mkono, akasoma kwa sauti: "Bwana, katika kuongeza mishahara mmeniongeza na mimi nisiyestahili. Nimeandika mara mbili, sijajibiwa. Naomba mnikate. Issa Likomba."

Akaniangalia. "Ni nani wako huyu?"

"Babu yangu."

"Babu anarudisha, mjukuu anaiba?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko, nami nacheka huku machozi yananitoka. Nilipompigia baba kumsomea, akasema, "Hakuwahi kutuambia."

Siku hizi sihukumu karatasi kwa upande mmoja, wala sifichi kitu cha ofisi. Barua ya onyo nilipewa mchana uleule, nikaisaini kwa majina yangu matatu, Likomba nikaliandika kubwa kuliko yote.