Aliyerudisha Chupa ya Maji

Cheka ukitaka. Hata mume wangu alicheka, mpaka nilipomfungulia daftari akaona mwenyewe. Mimi si mtu wa mapepo. Nimesomea kemia, kazi yangu ni kupima maji ya kunywa katika maabara ndogo hapa Kakamega mjini, na mtu akiniambia ameona mzimu huwa namuuliza kwanza alikuwa amekunywa nini. Sasa mimi yalinipata saa saba mchana, jua likiwaka, na nilikuwa nimekunywa chai tu.

Wacha nianze na kosa langu, maana bila hilo hakuna kisa. Wakati wa kupanda mahindi, alikuja dirishani kwetu mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane. Jina lake Nafula, ametoka Mautuma. Alikuwa na maji ya kisima chao ndani ya chupa ya soda, na ukiifungua unasikia bado harufu ya machungwa.

Kwetu kuna sheria. Maji yaletwe kwa chupa ya maabara, iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale, yafike yakiwa baridi, na aliyeyachota aandike jina na saa kwa mkono wake. Chupa ya soda hatupokei. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na mimi niliamka na hasira zangu, basi nikamwambia, "Mama, hapa ni maabara, si hoteli." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinieleza pole pole kwamba ndama wao wawili wamekufa ghafla, na alitaka kujua kama ni maji kabla hajajifungua. Nikamwandikisha daftarini jina na namba ya simu ya mumewe, nikampa chupa yetu yenye kifuniko chekundu, nikamwambia aende akaanze upya. Kutoka hapa mpaka Mautuma, na tumbo lile! Yale maji yake nikayamwaga kwenye sinki.

Wiki zikapita, nikamsahau. Niambie ukweli, wewe ungemkumbuka?

Halafu siku moja wenzangu walikuwa wameenda kula obusuma, ugali wetu, kibandani, nimebaki peke yangu nikijaza karatasi. Nikasikia chupa ikiwekwa juu ya meza ya dirishani. Kuinua macho, ni Nafula. Leso ile ile, sweta ile ile ya kahawia, ila tumbo halipo. Kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu, nikadhani ametoka kupalilia. Nilifurahi kumwona, kusema kweli, maana dhamiri ilikuwa imenisumbua kidogo siku ile. Nikampa hongera na kumuuliza amejaliwa nini.

"Msichana," akasema. Sauti ilikuwa chini, ya mtu mwenye mafua.

Chupa ilikuwa yetu, imejaa mpaka juu, jina na saa vimeandikwa vizuri. Saa ilikuwa ya asubuhi ile ile. Lakini nilipoishika nusura niiangushe. Ilikuwa baridi mpaka vidole vikaniuma, na yeye hakuwa na kisanduku cha barafu wala chochote mkononi. Nikamuuliza imekuwaje maji yafike hivi na jua lote hili. Akanijibu kwamba alikoyatoa ni baridi.

Nikamwambia majibu ni baada ya siku tatu, ndiyo desturi yetu. Akakataa. Alitaka yapimwe leo, kwa sababu mtoto anayanywa. Hapo nikaanza kumfundisha, si unajua sisi wenye vyeti! Nikamwambia mtoto wa wiki chache hanywi maji, ampe titi.

Akanitazama sana. "Sina titi la kumpa," akasema.

Nilidhani maziwa yamekauka, hutokeanga. Nikageuka kuweka chupa kwenye friji huku nikimtafutia maneno ya kumfariji. Kurudisha uso dirishani, hakuna mtu. Nikatoka mpaka getini kumuuliza askari yule mama ameelekea wapi. Akaniambia tangu wenzangu waende kula hajaona mtu akiingia wala akitoka, na kama nina njaa nami niende nikale.

Nikarudi nikayapima. Kwa nini sikungoja siku tatu? Sijui, ila vidole vyangu vilikuwa bado vinauma. Nilikumbuka wale ndama, kwa hiyo nikaanza na naitreti, ile chumvi ya mbolea na mavi ya ng'ombe inayozama ardhini mpaka visimani. Unatia dawa, unatikisa. Maji mazuri hubaki meupe, mabaya yanageuka rangi ya waridi. Haya yaliiva kama juisi ya zambarau kabla sijamaliza kutikisa. Nikarudia mara ya pili, na ya tatu. Mtu mzima anaweza kuyanywa maji ya namna hiyo asijue kitu. Lakini mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, damu yake inashindwa kubeba hewa, na midomo inageuka buluu.

Nikapiga ile namba ya daftarini. Mumewe, Wekesa, akapokea. Nikamwambia napiga kuhusu maji aliyoleta Nafula leo. Akaniuliza nimesema nani, nikarudia jina.

"Madam," akasema, "Nafula tulimzika wiki tatu zilizopita. Alikufa akijifungua."

Nilikaa chini sakafuni. Ndiyo, sakafuni, na koti langu jeupe. Sijui nani alinipa akili ya kuuliza mtoto yuko wapi. Akasema yuko kwa bibi yake, mama mzazi wa Wekesa mwenyewe, ila ni mgonjwa, tangu jana midomo yake imebadilika rangi na wamemfunika mablanketi wakidhani ni baridi. Nikamwambia asimpe tena hata tone la maji yale, amchukue sasa hivi ampeleke hospitali, na amwambie daktari neno moja tu, naitreti. Hakuniuliza nimejuaje. Nilisikia pikipiki ikiwashwa.

Mtoto alipona. Daktari alimwambia Wekesa kwamba wangelala naye nyumbani usiku ule wangeamka na maiti.

Kesho yake nilifika kwao. Kisima kiko chini ya zizi la ng'ombe, shamba la mahindi limekizunguka kote. Bibi wa mtoto, wao wanamwita Kukhu, alinikalisha akanionyesha sufuria yake. Alikuwa anachemsha yale maji mara mbili, masikini, akiwasha kuni alfajiri ili mjukuu asiumwe. Na hapo ndipo pabaya zaidi. Moto unaua vijidudu, hautoi chumvi. Maji yakipungua jikoni, chumvi inabaki pale pale na kuzidi ukali. Nilipomweleza alifunika uso kwa leso akalia, nami nikalia naye, kwa sababu nilijua la kwangu. Ningepokea ile chupa ya soda, hata kwa kuyapima juu juu tu, haya yote yasingefika hapo.

Kisha nikatoa ile chupa mkobani. Kukhu akaitazama, akatazama msumari kando ya mlango.

"Hiyo chupa ilikuwa inaning'inianga hapo," akasema. "Jana asubuhi nikaikosa. Nikadhani ni watoto."

Kuna jambo moja bado. Majibu yetu hupewa aliyeleta maji, akatia sahihi kwenye safu ya mwisho ya daftari. Majibu ya Nafula nilimpa Wekesa mkononi, na safu ile nikaiacha wazi, maana ningemwandika nani? Siku mtoto alipotoka hospitali nilifungua daftari kumwandikisha mtu mwingine, nikaona safu imejaa. Mwandiko ni ule ule wa kwenye chupa. Nimepokea. Nafula.

Daftari hilo nimelifungia kabatini na ufunguo natembea nao. Tangu hapo vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havipati joto, hata vikishika kikombe cha chai. Mume wangu akivigusa hacheki tena.

Basi wewe unayenisikiliza, kama kwenu kuna mtoto mchanga na kisima kiko chini ya zizi, usijidanganye kwamba umechemsha. Lete maji yapimwe, na uyalete ukiwa bado hai. Lete hata kwa chupa ya soda. Ukinikuta mimi dirishani, nitayapokea.