Sindano Niliyochomwa Sakania

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu ya neno moja. Kila Jumatatu kituo kidogo cha afya pembeni mwa Sakania kilituandikia sisi madaktari wa kufuatilia milipuko ya magonjwa "RAS", yaani hakuna cha kuripoti. Katika mkutano wetu kwenye hoteli ya Karavia nilikisifu, watu wakapiga makofi. Kisha dereva wa lori akaniambia watoto wa huko wamejaa vipele. Nikaona haya.

Safari ilichukua siku nzima nyuma ya malori ya mpakani. Nilifika na vumbi kwenye nyusi na vipele vya joto shingoni.

Asubuhi, muuguzi Papa Kabwe alinifungulia daftari safi kabisa. "Chef, mu centre akuna mugonjwa wa rougeole hata moya." Alisema kweli. Wagonjwa wa surua walikuwa majumbani, kwa kuwa akina mama wa hapo huamini mtoto mwenye vipele akichomwa sindano, ugonjwa hurudi ndani ukamuua. Papa Kabwe aliandika waliokuja tu, nami nilisoma alichoandika tu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Zaituna, muuza vitenge. Binti yake Salima, wa miaka sita, alikuwa kitandani na vipele mwili mzima. Mdogo wake wa miezi kumi alikuwa mgongoni, ngozi bado safi. Nikaeleza: bila damu ya Salima maabara haithibitishi surua, na bila uthibitisho chanjo haitaletwa, na huyu wa mgongoni hana kinga. Nilimhofia sana yule mtoto.

"Munataka kutoboa Salima?" Mama Zaituna alinitazama shingo. "Na weye uko na vipele. Anza na weye, nione."

Miaka yote nahubiri sindano, lakini ikija zamu yangu hugeuza uso. Papa Kabwe, kwa furaha isiyofichika, akanifunga mpira mkononi, akachoma sindano. Nilipiga ukelele. Salima akacheka hadi akakohoa, kisha akanyoosha mkono wake.

Nilirudi Lubumbashi na damu ya Salima ndani ya kisanduku cha barafu magotini. Maabara ikathibitisha, Sakania ikaingia kwenye orodha ya chanjo. Siku hizi Papa Kabwe hubisha hodi nyumba kwa nyumba kabla ya kuandika RAS, nami humuuliza amebisha wapi.

Siku ya chanjo Mama Zaituna alinipigia simu.

"Docteur, balichoma mudogo. Alilia kidogo tu."

Nikashukuru.

"Weye ulilia kumupita."